Union au Habari Njema: Biblia ipi ya kushika wakati kesho haijulikani

Mkataba wa kazi unaisha mwezi ujao na hakuna bosi aliyesema neno. Mvua za vuli zimepita pembeni. Majibu ya hospitali yatatoka Alhamisi. Watu wengi huingia duka la Biblia wakiwa katika hali kama hizo, na hukuta marundo mawili: huku Union Version ya mwaka 1952, kule Habari Njema iliyotoka miaka ya 1990. Muuzaji ataeleza bei, ukubwa na rangi ya jalada. Asichoulizwa ni ipi kati ya hizo itakayomsaidia mtu kumtumaini Mungu na kumtii ilhali hajui mambo yataishia wapi.

Hapa zimepimwa kwa swali hilo tu. Usomi wa tafsiri na historia yake, tangu mmishonari Krapf pale Mombasa hadi Askofu Steere kule Unguja, tunauacha kando. Kipimo chetu kinatokana na jinsi Maandiko yenyewe yalivyo: ahadi na agizo mara nyingi hukaa ukurasa mmoja. Ukichukua ahadi ukaacha agizo, unabaki na maneno ya kujiliwaza. Ukichukua agizo ukaacha ahadi, unabaki na mzigo. Biblia inayofaa kwa kazi hii ni ile inayokuwekea vyote viwili mbele ya macho.

Tutoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake: nunua Union kwanza, Habari Njema iwe ya pili mfuko ukiruhusu, na kalenda za ahadi, zile zenye aya moja kwa kila siku, ziache pale pale dukani.

Anza na Yeremia 29, kwa sababu ndiyo sura inayodhulumiwa kuliko zote. Aya ya 11 imeandikwa kwenye vikombe, fulana na vioo vya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Hii ni sehemu ya barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu na kuituma kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Aya ya 5 hadi ya 7 zinawapa kazi: jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozesheni, uombeeni mji uliowateka. Aya ya 8 na ya 9 zinawakataza kuwasikiliza manabii wanaowaambia wanachotaka kusikia. Aya ya 10 inataja muda, miaka 70. Ndipo inakuja ile ya 11. Mtu aliyepokea barua hiyo akiwa na miaka 30 alielewa mara moja kwamba yeye hatarudi kwao, watarudi wajukuu. Ukitaka kujua wapinzani wa Yeremia walikuwa wanauza nini, soma sura ya 28: Hanania aliwaahidi watu miaka miwili tu, akavunja nira shingoni mwa Yeremia mbele ya halaiki, na mwaka huo huo, mwezi wa saba, akafa.

Union inashinda hapa kwa sababu ambayo wengi hawajaiona. Aya ya 7 inasema "kautakieni amani mji ule", kisha "katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Aya ya 11 inasema "mawazo ya amani". Neno ni moja, kama lilivyo moja katika Kiebrania, shalom. Msomaji wa Union akiwa makini anaona kwamba ile amani aliyoahidiwa katika aya ya 11 ndiyo aliyotumwa kuitafutia Babeli katika aya ya 7. Habari Njema inafuata maana ya kila sentensi mahali pake, hivyo huchagua maneno tofauti kadiri ya muktadha. Inasomeka kwa ulaini zaidi, lakini uzi huo unakatika.

Kipimo cha pili ni mana, Kutoka 16, na hapa ushindani ni mkali. Agizo lilikuwa la kipimo: kila mtu aokote "pishi" kwa kichwa, siku ya sita pishi mbili, na pasisazwe kitu hadi asubuhi. Waliosaza walikuta mabuu na uvundo. Watafsiri wa Union walichagua pishi kwa sababu ndicho kipimo ambacho mama wa pwani alikuwa nacho jikoni: vibaba vinne, karibu kilo tatu za mchele. Kinazidi kidogo kile cha Kiebrania, omeri, chenye ujazo wa lita mbili na ushei, lakini picha inakaa vizuri, unaliona kapu. Shida ni kwamba kijana wa leo aliyekulia Dodoma au Nakuru hajawahi kuona pishi wala kibaba, na anaipita aya bila kujua kama ni chakula kingi au kidogo. Habari Njema inampa lita. Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, hilo peke yake linatosha kuwa na nakala mezani.

Tukiwa hapo hapo kwenye mana, kuna kosa ambalo tafsiri yoyote haiwezi kumkinga nalo msomaji. Watu hutoa katika Kutoka 16 kanuni kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Sasa fungua Mwanzo 41 aya ya 34: Yusufu anashauri itengwe sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Jangwani kuweka akiba kulikuwa uasi, Misri kulikuwa utii. Chakula ni kile kile, tumbo ni lile lile. Kilichotofautiana ni alichosema Mungu kwa watu wale, wakati ule. Kwa hiyo mwenye deni la ada na mkataba unaoisha asikimbilie Kutoka 16 na kuifunga akaunti yake ya SACCOS. Asome vyote viwili siku moja, kwa mpangilio huo.

Kwenye 1 Samweli 13 na 15 Union haina mpinzani. Mfalme Sauli yuko Gilgali na adui zake Wafilisti wamekusanyika. Alianza na watu 3,000 waliochaguliwa. Hesabu inapofanywa baadaye wamebaki kama 600. Ameambiwa angoje siku saba mpaka nabii Samweli afike. Siku ya saba inafika, Samweli haonekani, jeshi linayeyuka, naye anatoa sadaka mwenyewe. Akimaliza tu, Samweli huyo hapo. Sura mbili mbele anakosea tena kwa namna nyingine, na ndipo linasemwa neno ambalo Union imelifunga kama methali: "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Kiswahili chetu kinabeba sentensi hii bila kuongezewa maelezo. Mama akisema "mtoto huyu hasikii", hana maana kwamba masikio yameziba. Kiebrania nacho kiko hivyo hivyo, shama ni kusikia na ni kutii, na neno msikivu kwetu lina maana zote mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri aya hiyo kwa dakika tano, na atakuwa nayo akiwa na miaka 60. Tafsiri nyepesi hazikaririki hivyo, kwa kuwa hazina mapigo.

Hali ni ile ile kwa Ibrahimu. Waebrania 11:8 katika Union inaishia na maneno matatu: "akatoka asijue aendako." Jaribu kusema jambo hilo kwa maneno machache zaidi. Alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani. Na kabla sura ya 12 ya Mwanzo haijaisha, nchi aliyoambiwa aende ikapigwa na njaa, akashuka Misri. Anayedhani kwamba kutii kunafungua mifereji ya neema wiki hiyo hiyo aisome sura hiyo mpaka mwisho.

Sasa tuje mahali Union inapoangusha, tena inaangusha vibaya: Habakuki.

Kitabu chenyewe ni kifupi, sura 3 zenye aya 56, kinasomwa kwa sauti kwa kama dakika kumi. Kwa mtu asiyejua kesho, labda hakuna kitabu kinachomfaa zaidi katika Agano la Kale. Nabii anamlalamikia Mungu: mpaka lini? Mungu anamjibu kwamba anawaleta Wakaldayo, yaani Wababeli, jibu ambalo ni baya kuliko tatizo. Nabii analalamika tena, kisha anapanda mnarani kungoja. Katika Union, hasa kwenye chapa zisizo na vichwa vya habari, mabadiliko haya ya msemaji hayaonekani vizuri. Unaweza kufika katikati ya sura ya kwanza ukidhani nabii bado analalamika, kumbe Mungu alishaanza kujibu. Habari Njema ina utangulizi wa kitabu na vichwa vinavyokuonyesha nani anasema nini, na hiyo ni nusu ya kukielewa.

Jambo zito zaidi liko 3:17. Union inaanza: "Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda, taabu ya mzeituni itakuwa bure." Ukisoma hivyo unaona utabiri, nabii anatangaza kwamba mavuno yatashindwa. Kisha aya ya 18 inasema "Walakini nitamfurahia BWANA", na kijana anayejua neno walakini kwa maana ya kasoro tu, kama pale tunaposema gari hili lina walakini, anazidi kupotea. Habari Njema inaanza na "Hata kama". Maneno hayo mawili ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Habakuki hatabiri mavuno mabaya. Anasema hata zizi likibaki tupu, hata ng'ombe wasiwepo bandani, yeye ameshaamua. Ni sauti ile ile ya vijana watatu mbele ya tanuru iliyochochewa mara saba, Danieli 3:18, ambayo Union kwa bahati nzuri imeiweka vizuri: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme". Kwa hiyo Habakuki aeleweke kwanza kwa Habari Njema. Baada ya hapo rudi Union kwa ajili ya kukariri, kwa sababu 2:3 iko huko na haijapata mbadala: "ijapokawia, ingojee."

Tofauti ndogo ndogo zitakazokusumbua ukitumia zote mbili: Musa wa Union ni Mose kwenye Habari Njema, Ayubu ni Yobu, Yusufu ni Yosefu, Mithali ni Methali. Panapoandikwa BWANA kwa herufi kubwa, Habari Njema ina Mwenyezi-Mungu. Si tatizo ukijua. Ni tatizo kwa mzee wa kanisa anayetafuta kitabu cha Ayubu mbele ya watu na hakioni. Kuna pia Union iliyorekebishwa, yenye Kiswahili kilicholainishwa kidogo. Ni nzuri kusoma peke yako, ila mkisoma kwa pamoja kanisani utasikika ukitoka nje ya wenzako.

Mkatoliki aangalie jambo moja kabla ya kulipa: Habari Njema inapatikana ikiwa na vitabu vya deuterokanoni (vile ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina) na bila hivyo, na majalada hufanana. Fungua orodha ya vitabu, utafute Tobiti na Yoshua bin Sira.

Kuhusu bidhaa yenyewe unayoishika mkononi. Karatasi za Biblia ni nyembamba, kwa hiyo fungua Zaburi, karibu katikati, uilaze mezani: ikijifunga yenyewe kwa nguvu, gamu ni nyingi na uzi ni kidogo, na ndani ya mwaka kurasa zitaanza kuachia. Kunjua kitabu cha mwisho na cha kwanza, kurasa za hapo ndizo hutoka mapema. Kingo zilizopakwa rangi ya dhahabu hushikana zikiwa mpya. Ziachanishe taratibu kwa kidole, usizivute. Jalada la zipu linapendwa sana, lakini zipu ya chuma hupata kutu pwani na meno yake hukwaruza kingo za kurasa. Zipu ya plastiki ni afadhali. Kama utaongeza fedha kwa chochote, ongeza kwa ajili ya marejeo ya aya. Marejeo ndiyo yatakayokutoa Waebrania 11 na kukurudisha Mwanzo 12, na kazi yote tuliyoieleza hapa inategemea kurukaruka huko. Ngozi na rangi ni urembo.

Simu? Programu za Biblia ni za bure, zina tafsiri zote mbili, na kuziweka bega kwa bega ni kugusa mara mbili. Kwa Habakuki 3:17 hakuna njia nyepesi zaidi ya kuona tofauti. Pakua tafsiri ukiwa na mtandao, maana si zote zinazofunguka bila bando, na mahali utakapoihitaji kweli, wodini au njiani kwenda msibani, mtandao ndio hukatika. Sauti iliyorekodiwa inamfaa asiyeona vizuri na anayepika. Kasoro kubwa ni aya ya siku. Inakuja asubuhi imepambwa kwa picha ya machweo, haina ya juu yake wala ya chini yake, na kwa sehemu kubwa ni ahadi. Si rahisi upelekewe "oeni wake, mkazae wana" au onyo la kutowasikiliza manabii. Dawa yake ni ndogo: ukiipata aya, gusa usome sura nzima kabla hujaituma kwenye kundi la familia. Kalenda na vijisanduku vya ahadi vina kasoro hiyo hiyo, tena huko hakuna pa kugusa.

Matumizi. Chukua daftari la kawaida, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ahadi, kulia agizo, kutoka sura hiyo hiyo moja. Sura moja kwa siku inatosha: Yeremia 29, Kutoka 16, Mwanzo 41, 1 Samweli 13, Mwanzo 12, Danieli 3, halafu Habakuki kwa siku tatu, Mathayo 6, Waebrania 11. Siku kumi na moja. Chini ya ukurasa andika jambo moja la kutii ambalo liko wazi leo, dogo tu: kulipa deni la dukani, kumwomba radhi mtu, kupeleka barua ya maombi ya kazi, kupanda ile robo eka uliyonayo. Upande wa kulia ukibaki mtupu siku tatu mfululizo, unasoma haraka mno. Upande wa kushoto ukiwa mtupu, labda unasoma kama mtuhumiwa. Rudi kwenye sura usome kwa sauti.

Yanayoharibu matumizi haya yanajulikana. La kwanza ni kufungua Biblia popote, kuweka kidole, na kuchukua aya iliyoangukiwa kuwa jibu. Hiyo ni ramli, hata ukiitanguliza kwa sala. La pili ni ngozi ya kondoo ya Gideoni, Waamuzi 6. Watu huomba ishara wakimtaja yeye, wakisahau kwamba Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ishara ilikuja kwa sababu ya woga wake, Mungu akamvumilia. La tatu linaua: kuacha dawa kwa jina la imani. Isaya 38 ina ahadi kubwa kuliko nyingi, mfalme Hezekia, aliyekuwa mgonjwa, anaongezewa miaka kumi na tano. Aya ya 21 ya sura hiyo inasema uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilishatolewa, na bado mgonjwa aliwekewa dawa. Mchungaji anayesoma aya ya 5 mimbarani na kuiacha ya 21 amepunguza Maandiko, na mgonjwa wa kisukari au VVU ndiye atakayelipa.

Kwa mzee mwenye macho dhaifu, Union ya herufi kubwa, isiyo na zipu, kwa sababu ni nzito na zipu huongeza uzito. Kwa kijana aliyeokoka mwaka huu, Habari Njema kwanza, Union baada ya miezi sita. Kwa mwenye fedha ya nakala moja tu, Union ya ukubwa wa kati yenye marejeo, na Habari Njema ipakuliwe bure kwenye simu kwa ajili ya Habakuki na manabii wengine wadogo.